Maji Meupe Ndani ya Injini

Mkaguzi wa magari hakupenda kuulizwa maswali akiwa chini ya gari, kwa hiyo Inspekta alisimama pembeni akasubiri ile miguu miwili ya ovaroli itoke yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mawingu yalikuwa yametanda juu ya yadi ya polisi, na kila aliyepita aliangalia juu kisha akaongeza mwendo.

Gari lilikuwa dogo, la buluu. Lilikutwa jana alfajiri kwenye bonde la barabara inayopita chini ya daraja la reli, mlango wa dereva uko wazi, mkoba wa mwanamke uko kitini. Mwenye mkoba hakuonekana. Alikuwa mpima maji wa mamlaka ya maji, mke wa mtu, hana mtoto bado, na aliondoka nyumbani kwake Jumanne saa tano asubuhi mvua ikinyesha. Hadithi ilikuwa imeshakamilika bila msaada wa polisi: mafuriko yamelizima gari, dada wa watu katoka ajiokoe, maji yamemzoa yakampeleka kwenye mfereji mkubwa. Watu ishirini walikuwa wanauchokoa mfereji kwa fito tangu jana. Mkuu wa kituo alikuwa ameshaandika "ajali ya maji" juu ya jalada, kwa penseli, maana aliona haya kidogo kuandika kwa wino kabla maiti haijapatikana.

Inspekta hakuwa na ugomvi na mafuriko. Alikuwa tu na tabia mbaya ya kuuliza jambo lile lile mara mbili, mpaka kituoni wakamwita Mama Tena, na hakuna aliyelitamka jina hilo kwa mapenzi. Jana alimwuliza mshona viatu anayekaa pale darajani kama aliona gari. Hakuona kitu, mama. Akamwambia aeleze tena. Mara ya pili mshona viatu akakumbuka kwamba alifunga kazi Jumanne saa kumi jioni, kwamba bondeni kulikuwa na maji ya kumfika mtu gotini, na kwamba hakukuwa na gari lolote, la buluu wala la rangi nyingine. Kutoka nyumbani kwa mpima maji hadi darajani ni mwendo wa dakika ishirini. Ameondoka saa tano, na saa kumi bado hajafika.

Mkaguzi alitoka chini ya gari akajifuta mikono. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo aliyewahi kumwambia jaji mahakamani kwamba yeye jaji hajui tairi. Hakusalimia. Aliushika mkono wa Inspekta akaupeleka mwenyewe mpaka chini ya kapeti, mbele ya kiti cha dereva.

"Pakavu," alisema Inspekta.

"Pamekauka lini, na jua hatujaliona tangu Jumatatu? Maji hayakuingia humu ndani, dada yangu. Hayakupita goti. Sasa niulize gari zima linakufaje kwa maji ya goti."

Inspekta akauliza, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kubishana. Mkaguzi akamwinamisha mbele ya bampa. Gari likitoka kiwandani, alieleza, pua yake inakaa huku juu, nyuma ya taa, ndani ya kiboksi cha plastiki. Linapumulia juu kwa sababu waliolitengeneza walijua kwamba mvua ipo duniani. Hili lilikuwa limebadilishwa. Kiboksi kimetolewa, pakafungwa bomba la chuma linalong'aa, likapita ubavuni mwa tairi, likashuka mpaka nyuma ya bampa. Mwisho wa bomba kulikuwa na chujio la hewa, shubiri moja na nusu kutoka kwenye lami.

"Kwa faida gani?"

"Hewa ya chini ni ya baridi, injini inapata nguvu kidogo. Na mlio. Wanaume wazima wanapenda mlio." Mkaguzi alisema hilo kama anataja ugonjwa. "Sasa ingia nalo kwenye dimbwi. Injini inafyonza hewa kama wewe unavyofyonza soda kwa mrija. Mrija ukizama inafyonza maji. Pistoni inapanda ikabane hewa, inakuta maji, na maji hayabaniki. Kinachopinda ni chuma."

Plagi alikuwa ameshazitoa. Alimwambia Inspekta asogee, akaingiza spana ndefu, akaizungusha injini kwa mkono. Ilikwenda nusu, ikakwama, ikatoa sauti ya chuma kinachosaga chuma. Kisha kwenye tundu la plagi ya pili maji yakaruka, yakamwagika sakafuni. Yalikuwa meupe kabisa.

Inspekta, ambaye naye alishawahi kuharibikiwa na gari, alisema labda ni oili iliyochanganyika na maji. Mkaguzi akamtazama kwa huruma. Oili ikichanganyika na maji inakuwa rangi ya chai ya maziwa, na inakaa chini kwenye tangi la oili, na oili ameshaimwaga, ni nzima. Haya yametoka ndani ya silinda. Yamepita kwenye chujio. Akalileta chujio lenyewe: pamba iliyopakwa mafuta ili inase vumbi, na juu yake ukoko mweupe mzito, unasagika vidoleni, hauna harufu. Kisha akaleta kopo la tope alilolichota mwenyewe darajani jana jioni. Jeusi, na harufu yake ililifukuza paka aliyekuwa amelala juu ya tairi.

Hakuwa amemaliza. Betri ilikuwa imekufa kabisa, maana yake aliyekuwa kwenye usukani alipiga starti tena na tena gari likiwa limeshameza maji, na hapo ndipo alipomalizia kuiua injini. Na kile kifuniko kidogo cha bampa, panapofungwa ndoano ya kuvutia gari, kilikuwa kimeng'olewa, na ndani chuma kilikuwa kimekwaruzwa upya.

"Hili gari limekunywa maji mahali pengine," alisema mkaguzi. "Pale darajani limeletwa likiwa maiti."

Inspekta alikinga yale maji meupe kwenye chupa ndogo, akaifunga, akaandika saa, wote wawili wakatia sahihi. Alifanya hayo taratibu kuliko ilivyohitajika. Kama gari halikuzimikia darajani, basi mpima maji hakuzolewa na maji ya darajani. Watu ishirini walikuwa wanatafuta mahali ambapo hakuwahi kufika, na mahali alipo, popote pale, kwa siku mbili hakuna aliyekwenda kuchungulia. Inspekta aliogopa, na akaondoka bila kuaga.

Kituoni kaka mtu, kaka wa mpima maji, alikuwa anamsubiri kwenye korido. Huyu ndiye aliyetoa taarifa, na tangu jana ndiye aliyesimamia msako: amekuja na kamba zake, buti zake, mpaka chai ya wachokoaji ameileta yeye. Mtu mkubwa, mpole, wa kuheshimika. Mama yao mzee alikaa naye kwenye benchi, kichwa amekilaza ubavuni mwa mwanawe, macho ameyafumba. Kaka mtu aliomba watu waongezwe, na watafute chini zaidi, mfereji unapoingia mtoni, kwa sababu Jumanne maji ya darajani yalifika kifuani.

Inspekta akamwomba aeleze tena. Akaeleza tena, kifuani, na akaonyesha kwa kiganja. Alikuwepo? Hapana, afande, ameambiwa na watu. Yeye habari za dada yake amezipata Jumatano asubuhi kama kila mtu. Kisha akaiona ile chupa juu ya jalada.

"Hayo ni nini?"

"Maji kutoka kwenye injini. Tumelifungua gari asubuhi hii. Yanakwenda kupimwa tujue yametoka wapi."

Kaka mtu aliitazama chupa kwa muda. Uso ukamshuka, akaupangusa kwa kiganja kuanzia paji hadi kidevu. Inspekta aliona uchungu wa mtu aliyefiwa, akampa pole. Kaka mtu akashukuru, akamwinua mama yake polepole, akamkabidhi kwa shangazi aliyekuwa mlangoni, akasema yeye anarudi mferejini mvua isije ikawawahi. Askari wa mapokezi akaandika kwenye daftari muda aliotoka, saa nne na dakika kumi. Mlango ulipofunguliwa, matone ya kwanza yalikuwa yanagonga bati la banda la baiskeli.

Mume wa mpima maji walikuwa wamemweka ndani tangu jana, kwa sababu majirani waliwasikia wakigombana Jumatatu, na kwa sababu mume huwa ni wa kwanza. Alikuwa mchapaji wa vitabu vya shule. Wino ulikuwa umeingia kwenye kucha na haukukusudia kutoka. Inspekta hakuwa hata amekaa vizuri.

"Niandike, afande. Nimemuua mke wangu."

"Umemuuaje?"

"Kwa bomba."

Akaeleza huku analia, bila kujificha uso. Bomba alilifunga mwaka jana. Gari lilikuwa la mkewe kwa kazi na lake yeye kwa Jumamosi, na Jumamosi alikuwa anakutana na wenzake wenye magari ya namna ile, wanafungua boneti, wanasikilizana milio. Fundi wao ana utaratibu wake. Kila mwaka mvua zikikaribia anawapigia wateja wote, mmoja mmoja, anaita kupandisha pua: analikata bomba katikati, kipande cha chini anakitundika ukutani kwake na jina la mteja, chujio linabaki juu mpaka kiangazi. Wiki iliyopita alimpigia. Yeye akasema nitakuja. Kulikuwa na Jumamosi moja imebaki, na alitaka mlio wake kwa Jumamosi hiyo moja. Jumatatu mkewe akamwuliza kama pua imeshapandishwa, na hapo ndipo waliposikiwa na majirani.

"Alisema nini, kwa maneno yake?"

"Alisema, siku hilo bomba lako litanizimia kwenye maji, mimi sitakuwepo kukulaumu."

Inspekta akamwambia aeleze tena. Amewahoji waongo wengi, na mwongo mara ya pili husimulia vizuri zaidi, mambo yanakaa kwenye mstari. Huyu mara ya pili alisimulia vibaya zaidi. Alianza na Jumamosi, akarudi kwenye harusi yao, akasahau fundi, akamkumbuka, akashindwa kuendelea. Inspekta akamsogezea glasi ya maji. Halafu akaweka mezani ile chupa nyeupe.

Mume akaacha kulia. Chupa kama hizo, alisema, nyumbani zipo sita, juu ya kabati, na zote chini zimeganda weupe huo huo. Mkewe alikuwa anapima kijito kinachoingia kwenye bwawa la maji ya mji. Kuna mtu anamwaga uchafu humo, na mkewe alishamjua ni nani na ripoti ameshaiandika, imebaki kuipeleka. Jina hakumtajia hata yeye. Wiki mbili hakulala vizuri. Yeye alidhani ni mkubwa fulani wa serikali, akamwambia aachane nayo.

"Na Jumanne alikuwa anakwenda wapi?"

"Alisema anakwenda kuzungumza na huyo mtu. Ampe nafasi ajirekebishe kabla hajaipeleka."

Dirishani mvua ilikuwa imekolea. Inspekta akaondoka na chupa yake, na nyuma yake mume akawa anauliza kama ameshaandikwa.

Gereji ya fundi ilikuwa na ukuta mzima wa mabomba yaliyokatwa, kila moja na karatasi ya jina, yamepangwa kama viatu msikitini. Fundi alikuwa mwembamba, mwenye adabu, na alipoambiwa ni gari gani alikaa juu ya tairi bila kukaribishwa kwenye gereji yake mwenyewe. Alisema alimpigia jamaa mara mbili. Alisema aliwahi kuwafungia soksi, kile kitambaa cha kuvisha chujio, lakini soksi inazuia matone, haizuii dimbwi, na hilo kila mteja anaambiwa. Inspekta hakuja kumlaumu. Akampa chupa.

Fundi aliimimina kidogo kiganjani, akasugua kwa kidole gumba.

"Hii ni marumaru. Unga wa misumeno. Malori ya kule yananijia kila mwezi, machujio yamezibwa na hii hii."

"Ya wapi?"

"Kiwanda cha kukata mawe, afande. Hapa mjini si kipo kimoja tu? Cha kaka yake huyo dada anayetafutwa."

Inspekta akamwambia aeleze tena, na safari hii hakuwa na haja ya kusikia mara ya pili. Alihitaji muda wa kuvuta pumzi. Mtu huwapa nafasi watu wake; angekuwa mkubwa wa serikali, mpima maji angeipeleka ripoti moja kwa moja. Fundi akarudia, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuongeza, akaongeza kwamba hata Jumanne kaka mtu alimpigia simu.

"Saa ngapi?"

"Saa saba saba hivi, nilikuwa nakula. Aliniuliza gari dogo likizima kwenye maji mtu afanyeje. Nikamwambia asipige starti tena, ataua injini. Akasema ameshapiga mpaka betri imekata. Nikajua ni la mfanyakazi wake."

Simu ya fundi ilikuwa bado na kumbukumbu yake: Jumanne, saa saba na dakika nane. Siku moja kabla kaka mtu hajapata habari kama kila mtu. Aliingia kwenye gari la dada yake akaliondoe pale kiwandani, maji ya uani ya gotini, maji ambayo gari lolote jingine lingepita, na likamzimia. Hakujua habari za bomba. Alijua tu, kama mji mzima unavyojua, kwamba magari hufia darajani, akalivuta akalipeleka huko.

Inspekta alipiga simu mferejini. Askari wa huko alijibu kwa kupiga kelele juu ya mvua. Kaka mtu? Hajaonekana, afande. Tangu alipokuja huko kituoni hajarudi.

Walikwenda watatu: Inspekta, dereva wa polisi, na fundi, kwa sababu fundi aliijua yadi ile. Askari wengine waliitwa, wakasema wako njiani, na njia zilikuwa zimeshajaa. Dereva aliendesha pua yake karibu inagusa kioo. Kwenye njia ya kiwanda maji yalikuwa meupe kutoka ukingo hadi ukingo, yanatembea, na dereva akapunguza mwendo mpaka gari likasimama.

"Pua ya gari hili iko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Juu, afande. Chini ya kioo."

"Basi pita. Usikanyage sana, na usisimame katikati."

Maji yalipiga mlangoni. Injini iliguna, ikaendelea. Mbele yao lango la kiwanda lilikuwa limefungwa kwa mnyororo kutoka nje, na mlinzi hakuwepo. Dereva akaukata mnyororo kwa mkasi wa chuma. Alikosa mara mbili kabla haujakatika.

Ndani misumeno ilikuwa kimya; wafanyakazi walikuwa wamerudishwa nyumbani tangu Jumanne asubuhi kwa ajili ya mvua. Mabamba ya marumaru yalisimama kwenye fremu zake, na maji ya mapaa yote yalikuwa yanashuka kwenye mifereji, mifereji yote inaelekea mahali pamoja katikati ya uwanja. Fundi alitazama huko, akasimama ghafla.

"Pampu imezimwa," alisema.

Aliwaeleza huku anakimbia. Pale katikati kuna shimo la zege, kina chake watu wawili kusimamiana, maji ya misumeno yanaingia humo yanatulia, na pampu inayatoa. Haizimwi hata Jumapili. Mvua ikinyesha na pampu imezimwa, shimo linajaa mpaka juu. Shimo lilikuwa na mfuniko wa chuma, na juu ya mfuniko kulikuwa kumewekwa bamba la marumaru, jipya, bado na chaki ya vipimo. Gari la kunyanyulia mizigo lilikuwa limeegeshwa hatua tano kutoka hapo.

Dereva alijitupa kwenye bamba kwa mabega. Halikutikisika hata kidogo. Inspekta alipiga magoti, akagonga kando ya mfuniko kwa tochi, akaweka sikio. Mvua ilikuwa inapiga chuma na hakusikia kitu. Akagonga tena. Hakusikia kitu. Aligonga mara ya tatu, na kutoka chini, karibu sana, karibu kuliko alivyotarajia, mtu akagonga.

"Maji kwanza," alisema fundi. "Tutoe maji kwanza, jiwe baadaye."

Ufunguo wa pampu haukuwepo. Fundi aling'oa kifuniko cha swichi kwa bisibisi, akavuta nyaya mbili huku mvua inamchuruzika shingoni, na Inspekta akamshikilia mwavuli wa ofisi uliokuwa mlangoni, akiwaza kwamba umeme ukiwapata watakufa watu watatu badala ya mmoja. Nyaya zikagusana. Pampu ikakohoa. Ikakohoa tena, halafu bomba kubwa likatapika maji meupe uwanjani, na fundi akaanza kulia bila kuacha kushika nyaya.

Bamba walilitoa kwa mitarimbo miwili na vipande vya bomba la maji walivyoviviringisha chini yake. Iliwachukua dakika kumi na moja. Inspekta aliziangalia kwenye saa, kwa sababu hakuweza kuangalia kwingine. Marumaru ilipoteleza ikaanguka na kuvunjika, dereva alinyanyua mfuniko peke yake.

Mpima maji alikuwa amesimama kwenye kipande cha ngazi kilichobaki juu ukutani, ambako maji yenyewe ndiyo yalimfikisha, mikono imeng'ang'ania chuma. Maji yalikuwa yameshuka kidevuni. Alama nyeupe usoni ilionyesha yalikuwa yameshapita mdomo. Alikuwa amekiinua kichwa nyuma, pua tu ikiwa nje ya maji, akipumulia nafasi ya vidole vinne iliyokuwa imebaki chini ya mfuniko. Hakupiga kelele. Walipomvuta vidole vilikataa kuachia ngazi, ikabidi Inspekta avifungue kimoja kimoja.

Walimweka ndani ya gari, dereva akamvika koti lake, fundi akamwambia pole shemeji, pole shemeji, mpaka Inspekta akamwomba anyamaze kidogo. Redio ikaita. Ni askari wa mfereji. Kaka mtu amerudi, alisema, yuko hapa muda huu, ameingia majini mwenyewe na fito yake, anamwita dada yake kwa sauti, watu wanamwonea huruma. Je, wamwambie nini?

"Msimwambie kitu. Mfungeni pingu."

Redio ikasema sawa, afande.

Mpima maji alikuwa amesikia. Inspekta alimwambia si lazima aongee sasa, hospitali ni karibu, mumewe ataletwa. Lakini alitaka kuongea. Sauti ilikuwa imekwisha kwa kuita, kikabaki kitu kama mkwaruzo, na Inspekta aliinama mpaka midomo ikamgusa sikio.

Alikuja kumpa nafasi, alisema. Kaka akakasirika, akamnyang'anya chupa, akamsukuma. Hakukusudia shimo, shimo lilikuwa wazi. Lakini alipomwona amesimama chini mzima, hakumshushia ngazi. Alifunga. Jumanne usiku alirudi, akafungua kidogo, akamshushia mkate na maji ya kunywa kwa kamba. Akamwuliza, umeamua? Aandike kwamba maji ni safi, amtoe, waende nyumbani kwa mama. Akasema hawezi, kaka, watoto wa mji mzima wanayanywa. Jana alikuja mara mbili, akauliza vile vile, na mara ya pili alilia kabla ya kufunga. Wakati wote huo pampu ilikuwa inanguruma, na maji hayakupita kifundo cha mguu.

"Na leo?"

"Leo hakuuliza. Nilisikia pampu inazimwa, halafu kitu kizito kinawekwa juu. Nikamwita. Nikamwambia kaka, nitaandika, nitoe nitaandika. Akaniambia, wamefungua gari. Basi, akaondoka."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Sijui. Mvua ilikuwa ndiyo imeanza."

Inspekta alitoa daftari, akayaandika yale maneno mawili, wamefungua gari, kama yalivyosemwa, na jina la aliyeyasema. Chini yake akaandika kwamba habari hiyo kaka mtu aliipata kituoni, kabla ya saa nne na dakika kumi, na kwamba aliyempa ni yeye.